Sauti Nene na Safari Zake Mpaka Karema na Mpanda

Waswahili husema ya kwamba sauti ya mwimbaji ni nene au nyembamba, nzito au nyepesi. Wafaransa na Waitalia husema kuwa ni ya giza au ya nuru. Waalimu wa Kurani nao wana istilahi zao za Kiarabu: tafkhimu, yaani kulinenepesha neno, na tarkiki, yaani kulifanya liwe jembamba. Kiswahili na Kiarabu vimelipima jambo hili kwa mkono, kama mtu apimaye kamba. Lugha za Ulaya zimelitazama kwa jicho. Jambo lenyewe ni lile lile, nalo halitokani na ukoo wa mwimbaji wala utakatifu wa moyo wake. Ni kazi ya viungo vya mwili, na kazi yo yote inayofundishwa ina historia: ilianza mahali, ikachukuliwa na watu, ikafika mahali pengine. Katika nchi ambayo tangu mwaka 2012 inaitwa Mkoa wa Katavi, kazi hiyo ilifika kwa njia zaidi ya moja, na kila njia ilikuja na hukumu yake juu ya sauti ipi ni njema na ipi ni makelele.

Yafaa kwanza kutenga mambo mawili ambayo neno "nzito" huyachanganya. Sauti yaweza kuwa ya chini, kama ile ya besi katika kwaya, na hata hivyo ikawa na nuru tele. Na yaweza kuwa ya juu kabisa, ikawa na giza. Uchini na ujuu hutoka katika nyuzi za sauti zilizomo ndani ya kikoromeo, kwa kadiri ya wepesi wa kutetema kwake. Unene na wembamba hutoka katika mfereji ulio juu ya nyuzi hizo, yaani koo, kinywa na midomo. Mtu mume mzima ana mfereji wa urefu wa sentimita 17 hivi. Hewa iliyomo humo ina mivumo yake yenyewe, kama hewa iliyomo ndani ya chupa, na mfereji wa urefu huo, ukiwa umenyoka bila kubanwa po pote, huvuma karibu na mitetemo 500, 1,500 na 2,500 kwa sekunde. Mwimbaji akishusha kikoromeo kidogo na kuchomoza midomo, mfereji hurefuka. Ukipata sentimita mbili zaidi, mivumo yake hushuka mpaka 450, 1,340 na 2,240 hivi. Wimbo haukushuka hata hatua moja, lakini sikio hupata habari kwamba aliyeimba ni mtu mkubwa zaidi, au kwamba yumo ndani ya chumba kirefu.

Kikoromeo hushuka chenyewe mtu apigapo miayo au avutapo pumzi ndefu kwa utulivu, na kaakaa laini hupanda wakati huo huo. Ndiyo sababu waalimu wengi wa kwaya huwaambia wanafunzi wao waimbe kama watu wanaotaka kupiga miayo. Shauri hilo ni jema kwa kiasi chake. Mwanafunzi mwenye bidii kupita akili hukisukuma kikoromeo chini kwa shina la ulimi, na hapo giza huja, lakini ni giza la mtu aliyemeza wimbo wake mwenyewe. Maneno hayatoki, na koo huchoka kabla ya ubeti wa tatu.

Mafundisho ya kwanza yenye kanuni juu ya jambo hili hayakufika katika Tanganyika ya magharibi pamoja na kwaya. Yalifika pamoja na misafara. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 waliwakuta Waarabu na Waswahili wakifanya biashara kandokando ya ziwa, na penye Waislamu hapakosi msomaji wa Kurani. Yafaa kuonya hapa kwamba usomaji wa Kurani hauitwi uimbaji, na wenyewe hawapendi uitwe hivyo. Lakini hakuna elimu ya sauti iliyochunguza ulimi na koo kwa uangalifu mkubwa kuliko elimu ya tajwidi. Katika karne ya nane Sibawayhi, mwanasarufi mkuu wa Kiarabu, alieleza kwamba kuna herufi nne ambazo ulimi huinuliwa na kulifunika kaakaa wakati wa kuzitamka, na kwamba lau kufunika huko kusingekuwapo, sadi ingekuwa sini. Ibn al-Jazari, aliyefariki mwaka 1429, alizipanga kanuni za usomaji katika utenzi wa kuhifadhiwa kwa moyo, ambao umefundishwa katika nchi nyingi za Kiislamu. Herufi nene ni saba, na juu yake lamu ya jina la Mwenyezi Mungu hunenepeshwa ikitanguliwa na a au u, na hulainishwa ikitanguliwa na i. Kwa hiyo msomaji aliyefundishwa hutamka lamu nene katika "wallahi" na lamu nyembamba katika "bismillahi".

Kiswahili chenyewe hakikuupokea unene huo. Neno "sala" lilikuwa na sadi nene kwa Kiarabu, na neno "salamu" lilikuwa na sini nyembamba; kwa Kiswahili yote mawili huanza sawasawa. "Sabuni" na "saa" kadhalika. Ulimi wa Mbantu uliyasawazisha maneno hayo kwa karne nyingi, na hakuna aliyeona hasara. Lakini mtoto aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu wake, Ujiji au Tabora, alidaiwa kuzirudisha tofauti zile zile ambazo lugha ya nyumbani ilikuwa imezifuta, na kuzirudisha kwa kuuvuta ulimi nyuma na kulibana koo. Njia hii ni kinyume cha miayo: mmoja hulipanua koo, mwingine hulibana, lakini mvumo wa pili wa mfereji hushuka kwa wote wawili, na sikio husema, sauti imenenepa.

Njia ya pili ilianzia Paris. Tarehe 17 Aprili 1837 mwimbaji Gilbert Duprez alisimama katika jumba kuu la opera la mji huo akaimba katika Guillaume Tell, kazi ya Rossini. Mpaka siku zile waimbaji wanaume wa sauti ya juu, walipofika kwenye noti za juu kabisa, waliiachia sauti iwe nyembamba na laini. Duprez hakuiachia. Alikishikilia kikoromeo chini akapanda na unene wote wa kifua mpaka juu, na watu wakapagawa. Rossini mwenyewe husimuliwa kwamba hakupendezwa, na kwamba alikifananisha kilio kile na cha jogoo anayechinjwa. Ikiwa hakusema, basi aliyemtungia alijua anachokitunga.

Aliyeumia ni Adolphe Nourrit. Yeye ndiye aliyekuwa mwimbaji wa kwanza katika jumba lile tangu mwaka 1826, na sehemu hiyo hiyo aliyoiimba Duprez, yeye ndiye aliyeimba kwanza kazi hiyo ilipotolewa mwaka 1829. Aliposikia kwamba Duprez ameajiriwa aliacha kazi, akaenda Italia akiwa mtu wa miaka thelathini na zaidi, kujifunza upya mbele ya Donizetti huko Naples. Aliipata sauti nene kwa kadiri fulani. Lakini zile noti laini za juu ambazo kwazo alipendwa zilimtoka, na hazikurudi. Tarehe 8 Machi 1839 alijitupa kutoka dirishani akafa. Ni vigumu kusoma habari hizi na kuendelea kuamini kwamba namna ya kuimba ni pambo tu. Mtindo wa mji mmoja ulibadilika katika usiku mmoja, na mtu aliyekuwa bingwa jana akaonekana kuwa na upungufu katika koo lake.

Mwaka uliofuata waganga wawili wa Lyon, Diday na Pétrequin, walitoa taarifa juu ya kile walichokiita aina mpya ya sauti ya kuimba. Waliona kwa vidole na kwa macho kwamba katika sauti ya nuru kikoromeo hupanda kadiri wimbo unavyopanda, na kwamba katika sauti ya giza hukaa chini kimetulia. Manuel Garcia, mwalimu wa kuimba, aliyezaliwa mwaka 1805, alipeleka maandishi yake mbele ya chuo cha elimu cha Paris mwaka huo huo wa 1840, akadai kwamba jambo hilo halikuwa jipya, na kwamba sauti ya giza na sauti ya nuru ni namna mbili za kuutengeneza mfereji, ambazo kila mwimbaji aweza kuzitumia apendavyo. Katika ugomvi huu haki ilikuwa kwa Garcia. Mwaka 1854 aliingiza kioo kidogo cha mganga wa meno ndani ya koo lake mwenyewe, akakielekeza kwenye jua, akaziona nyuzi zake za sauti zikifanya kazi. Habari hizo zilisomwa London mwaka 1855. Aliishi mpaka mwaka 1906.

Wanafunzi wa elimu ya sauti waliofuata waligundua jambo moja zaidi ambalo laeleza kwa nini giza la mwimbaji hodari halizimiki. Johan Sundberg wa Sweden, katika miaka ya 1970, alionyesha kwamba kikoromeo kikishuka na koo likipanuka vizuri, ule mlango mwembamba ulio juu tu ya nyuzi za sauti hupata mvumo wake peke yake, karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, na hivyo sauti hupasua katikati ya ngoma na zeze zote. Yaani giza la kweli lina mwali ndani yake. Waitalia walikuwa na neno kwa ajili ya mchanganyiko huo, chiaroscuro, ambalo maana yake ni nuru na giza kwa pamoja, kabla hapajakuwa na mashine ya kuupima.

Sauti ya Paris ilifikaje katika pwani ya Ziwa Tanganyika? Haikufika moja kwa moja. Karema, iliyo katika Mkoa wa Katavi wa leo, ilikuwa ngome ya Wabelgiji iliyoanzishwa na Cambier mwaka 1879, na mwaka 1885 ikakabidhiwa Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Wengi wa wamisionari hao wa kwanza walikuwa Wafaransa. Pakawa na kanisa, na shule, na zahanati ambayo Adrian Atiman, mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa uganga Malta, aliitumikia tangu mwaka 1889 mpaka kufa kwake mwaka 1956. Na kama ilivyokuwa katika misheni zote za Kikatoliki, Misa iliimbwa kwa Kilatini.

Kanisa halikutaka sauti ya opera. Papa Pius wa Kumi, katika barua yake ya tarehe 22 Novemba 1903, aliushutumu mtindo wa michezo ya jukwaani uliokuwa umeingia makanisani, akauweka uimbaji wa Kigregori kuwa kielelezo. Katika barua hiyo hiyo aliamuru kwamba wanawake wasiwe katika kwaya, na kwamba sauti za juu ziimbwe na watoto wanaume, kwa desturi ya kale. Lakini sauti laini ya mviringo iliyotakiwa katika wimbo wa Kigregori, isiyo na makali wala mlio wa puani, nayo hutengenezwa kwa miayo ile ile na midomo ile ile iliyochomozwa. Yaelekea kwamba opera ilitolewa kwa mlango wa mbele na mwalimu wake akabaki jikoni. Jengo nalo lilisaidia. Katika kanisa lenye kuta za matofali na paa la juu, mitetemo ya juu humezwa upesi na ya chini hukawia kurudi, na kwa hiyo hata mtoto mwenye sauti kali husikika akiwa amenenepa kidogo.

Hapa pana jambo ambalo halikuangaliwa sana. Mwaka 1912 Papa huyo huyo aliusifu utamkaji wa Kilatini kwa namna ya Roma. Namna hiyo ina irabu tano safi: a, e, i, o, u, ambazo ni irabu za Kiswahili zenyewe. Mfaransa aliyekuja kufundisha Kilatini ilimpasa aache u yake ya kwao, ambayo husemwa kwa ulimi wa i na midomo ya u. Mtoto wa Kibende au wa Kipimbwe aliyekwisha kujua Kiswahili hakuwa na kitu cha kuacha. Katika utamkaji mwanafunzi alikuwa mbele ya mwalimu. Katika rangi ya sauti mwalimu alidai kinyume.

Na watu hao walikuwa na sababu njema ya kuimba kwa sauti ya nuru. Mwenye kuimba mbugani hana ukuta wa kumrudishia sauti yake, lililotoka limekwenda. Sikio la binadamu ni jepesi zaidi katika mitetemo iliyo baina ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde, na sauti ya nuru imejaa mitetemo hiyo. Katika mashindano ya ngoma za Usukuma, ambako vyama vya Bagika na Bagalu hucheza wakati mmoja, kila kimoja mahali pake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi, sauti iliyonenepeshwa kwa miayo ingeshindwa kabla ya adhuhuri. Wasukuma waliohamia Katavi na ng'ombe wao katika nusu ya pili ya karne ya 20 walikuja na masikio yaliyofunzwa katika mashindano kama hayo. Pwani nayo haikuliabudu giza: Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti katika sahani za santuri, hakupata jina lake kwa kufunika koo. Basi hukumu ya kwamba sauti ya kijijini ni ya kupiga kelele na sauti ya kwaya ni ya kuimba ilikuwa hukumu ya jengo juu ya uwanja.

Maadamu maneno yalikuwa ya Kilatini, giza halikudhuru kitu, kwa kuwa wachache tu waliyafuata neno kwa neno. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake juu ya liturjia tarehe 4 Desemba 1963, na lugha za watu zikaingia katika Misa, mambo yalibadilika. Mwaka huo huo padre Mtanganyika Stephen Mbunga alitoa kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwaya sasa ziliimba Kiswahili kwa sauti nne, ya kwanza mpaka ya nne, na wanawake wakiwamo. Na hapo sauti nene ilikutana na sarufi.

Irabu i na e zina nuru kwa asili. O na u zina giza. Midomo ikichomozwa na kikoromeo kikishushwa, i husogea upande wa u. Kwa Kilatini hiyo ni kasoro ndogo. Kwa Kiswahili irabu moja hubeba mtenda. "Imefika" ni habari ya amani, au ya neema, au ya siku. "Umefika" ni habari ya mtu anayeambiwa. "Tia" si "tua", na "pia" si "pua". Besi iliyonenepeshwa mno, ikirudisha kiitikio chini ya sauti nyingine tatu, yaweza kumgeuza mtenda wa sentensi, na msikilizaji akabaki anayakisia maneno kwa kuwa anayajua tangu zamani. Mgeni asiyeujua wimbo hapati kitu. Mwalimu wa kwaya mwenye busara huwaachia waimbaji wake giza katika o na u, na katika i huwataka waweke ulimi mbele na kuyaacha meno yaonekane.

Njia ya tatu ilikuja kwa miguu, na haikuletwa na mwalimu ye yote. Mji wa Mpanda ulikuwa umekuzwa na machimbo ya risasi na reli iliyotoka Kaliua, ukakusanya watu wa makabila mengi. Mwaka 1972 wakafika wakimbizi wa Burundi waliookoka mauaji ya mwaka ule. Makazi ya Katumba yakafunguliwa kwa ajili yao, na mwaka 1978 makazi ya Mishamo. Serikali ya Tanzania iliwapa uraia watu wapatao 162,000 wa makazi ya zamani, yakiwamo hayo mawili na Ulyankulu ya Tabora, katika mwaka 2010.

Nchi waliyotoka ina ufundi wa kunenepesha sauti ambao haukutajwa na Garcia wala na mabingwa wa tajwidi. Mpiga inanga huketi na chombo chake, ubao uliochongwa mfano wa sinia refu na kufungwa nyuzi, akazicharaza huku akinong'ona maneno. Hanong'oni kama mwenye siri. Hunong'ona kwa nguvu, koo likiwa wazi na nyuzi za sauti zikiwa hazitetemi kabisa. Mnong'ono hauna wimbo ndani yake; ni upepo tu uliochongwa na ulimi na midomo kuwa irabu na konsonanti. Wimbo hutoka katika nyuzi za inanga. Lakini msikilizaji hasikii vitu viwili. Husikia mtu mmoja akiimba kwa sauti nene sana, yenye kivuli, ambayo haikutoka kinywani mwa mtu wala kwenye ubao. Michel Vuylsteke aliinasa sauti hiyo huko Burundi mwaka 1967, na Cornelia Fales, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002, alieleza namna sikio linavyoviunganisha vitu hivyo viwili lenyewe. Mwimbaji wa Paris alilipata giza kwa kurefusha mfereji, msomaji wa Kurani kwa kuubana. Mrundi amelipata kwa kuzizima nyuzi za sauti na kuazima nyingine.

Siku hizi kuna njia ya nne, na haihitaji mwalimu. Vipaza sauti vingi vinavyotumiwa na waimbaji vina tabia ya kuikuza mitetemo ya chini kadiri mdomo unavyokaribia. Kijana akikibusu kipaza sauti hupata kifua cha mtu wa miaka arobaini bila kukigusa kikoromeo chake, na akikisogeza mbali kwa shibiri moja hurudi kuwa kijana. Mwalimu wa kwaya hudanganyika. Mwalimu wa tajwidi hadanganyiki, kwa kuwa unene anaoutafuta umo ndani ya herufi, na hakuna kipaza sauti kinachoweza kuigeuza sini kuwa sadi.